Bati lisilo na nasaba

Kila nipitapo katika gereji za Msamvu na Kihonda hapa Morogoro, na hata katika vibanda vya mafundi vilivyo kando ya njia iendayo Bigwa, huona jambo moja ambalo limekwisha kuwa dasturi hata halimshangazi mtu tena. Mwenye gari, baada ya kuchoshwa na vibao vya milango vilivyovimba kwa maji na dashibodi iliyopasuka kwa jua, humwagiza fundi amtengenezee paneli za alumini; fundi hukubali, hupima kwa shubiri na kamba, hutaja bei, hupokea malipo ya awali; na kesho yake bati huletwa kichwani mwa kijana, bila hati, bila alama, na bila mtu hata mmoja miongoni mwa waliohudhuria kuuliza limetoka wapi, ni la jinsi gani, wala unene wake ni kadiri gani. Upande wa nyuma wa bati hilo aghalabu huonekana mabaki ya rangi ya zamani. Pengine ni herufi za tangazo la duka lililofungwa. Pengine ni mzingo mwekundu wa pembe tatu, ambao kila aliyepata kusomea leseni ya udereva anaijua maana yake.

Rai yangu ni kwamba bati la alumini lisilojulikana nasaba yake, yaani aina yake, ugumu wake, unene wake na mikono liliyopitia, halifai kuwekwa ndani ya gari ambalo watu watapanda, hata likiwa rahisi namna gani na hata fundi akiwa stadi namna gani. Sisemi hivyo kwa kuwadharau mafundi wetu, ambao kwa mkasi, nyundo ya mpira na ukingo wa meza hufanya kazi ambayo mahali pengine hufanywa kwa mashine za thamani kubwa. Nasema kwa kuwahurumia, kwa sababu lawama ya bati baya huwaangukia wao, na hasara yake huwaangukia abiria na aila zao. Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima, na methali hiyo nimeisikia mara nyingi ikitajwa ili kumnyamazisha mteja mwenye maswali. Lakini je, aliyeisema alikuwa akimkemea mkulima mvivu atafutaye sababu ya kutolima, au alikuwa akimfundisha mkulima hodari aende shambani na jembe la bati?

Somo la magari ya Mgeta

Hakuna haja ya kwenda mbali kutafuta ithibati kwamba alumini iliyochaguliwa kwa maarifa hudumu. Kwa miaka mingi watu wa Mgeta na Nyandira, na wa upande wa Matombo, walishuka mjini kwa Land Rover, hususan zile ndefu za inchi 109 ambazo hujulikana kwa tarakimu hiyo, zikiwa zimesheheni kabichi, karoti na abiria juu yake, katika njia ambayo wakati wa masika hugeuka kuwa mfereji. Gari la asili hiyo lilionyeshwa kwa watu mara ya kwanza mjini Amsterdam tarehe 30 Aprili 1948. Kampuni ya Rover ya Uingereza, ambayo Maurice Wilks ndiye aliyekuwa msanifu wake mkuu, ilikuwa katika dhiki: chuma kiligawiwa kwa kibali cha serikali baada ya vita, ilhali alumini, iliyozoeleka viwandani kwa ajili ya kuunda ndege za kivita, ilipatikana. Basi chasi ikafanywa ya chuma, na mwili wa gari ukafanywa kwa mchanganyiko wa alumini na magnesi ulioitwa Birmabright. Waliouchagua walijua ndani yake mna nini, na walijua utakunjika vipi.

Tazama sasa matokeo yake. Ukiifungua Land Rover iliyotumika miaka 40 katika ukungu na matope ya Uluguru, chini ya magunia yaliyotota maji, utakuta ukuta wa mbele, ule ubebao dashibodi na bawaba za milango, ambao ni wa chuma, umeliwa na kutu hata kidole chapenya. Lakini sanduku la viti, ambalo ni la alumini, laweza kunyooshwa kwa nyundo na kurudishwa kazini. Mahali alumini hiyo ilipougua ni pale ilipogusana na chuma bila kitu cha kuvitenga. Maji yenye chumvi, hata ikiwa ni chumvi ya jasho au ya mbolea, yakituama baina ya madini hayo mawili, alumini ndiyo huliwa kwanza, ikageuka unga mweupe unaopukutika. Fundi anayejua hilo hupaka rangi ya kinga pande zote mbili, huweka raba katikati, na hutumia riveti za alumini badala ya misumari ya chuma. Asiyejua hufunga kwa skrubu yoyote iliyomo mfukoni, na baada ya misimu miwili ya mvua kila tundu la skrubu limepanuka kuwa donda.

Leo Noah na Hiace zimechukua nafasi ya Land Rover katika njia nyingi, na vibao vyao vya milango, vilivyotengenezwa kwa ajili ya barabara laini za Japani, havikukusudiwa kulowa kila siku wala kusukumwa na magoti ya watu waliobanana. Hadibodi hunywa maji, huvimba, hutoa uvundo, kisha huvunjika na kuacha vyuma vya dirisha wazi, vinavyorarua sare za wanafunzi na vitenge vya kina mama. Kwa hiyo haja ya alumini ni haja ya kweli, wala si anasa ya vijana wapendao magari yao yametamete. Na kwa kuwa ni haja ya kweli, ndiyo maana naona uchungu ikikidhiwa kwa kubahatisha.

Wanaojiita alumini

Katika maduka ya vifaa vya ujenzi lipo bati limetalo kuliko alumini yenyewe, na wauzaji wengi, wengine kwa kutojua tu, hulitaja kwa jina la alumini. Hilo ni bati la chuma lililovikwa utando wa alumini na zinki; katika utando huo alumini ni asilimia 55 kwa uzito, zinki ni asilimia 43 na ushei, na kiasi kidogo kilichobaki ni silikoni. Ni bati jema kwa paa, na nyumba nyingi za mji huu zimesitirika chini ya mabati ya namna hiyo. Hata kiwanda cha Aluminium Africa, kilichoanzishwa Dar es Salaam mwaka 1960 na ambacho sote twakijua kwa kifupi cha ALAF, leo husifika zaidi kwa mabati yake ya kuezekea, ambayo ni ya chuma kilichovikwa. Lakini bati la paa likikatwa na kutobolewa kwa ajili ya mlango wa gari, kila ukingo na kila tundu hufichua chuma, nalo hukaa mahali ambapo maji ya dirisha huteremka kila mvua inyeshapo. Mnunuzi amelipia alumini, amepata kutu, na juu ya kutu ameongezewa uzito, kwani chuma ni kizito karibu mara tatu ya alumini. Sumaku ya shilingi chache ingemwokoa: alumini haivutwi na sumaku.

Mwigizaji wa pili ni hatari zaidi. Mafundi wa mabango na wa kupamba maghorofa hutumia mbao nyembamba ambazo mitaani huitwa alukobondi, zilizoundwa kwa tabaka tatu: ngozi mbili za alumini, kila moja aghalabu nyembamba kuliko nusu milimita, na baina yake kiini ambacho katika mbao za bei nafuu ni plastiki tupu. Vipande vinavyobaki huuzwa rahisi, hukatika kwa kisu, huja vikiwa na rangi nzuri, na sasa vimeanza kuonekana katika dari na milango ya magari. Watu wa London walikuja kuijua plastiki ya namna hiyo usiku wa tarehe 14 Juni 2017, wakati jengo la Grenfell Tower lilipoungua na kuua watu 72, moto ukipanda kwa kasi katika mbao za nje zilizokuwa na kiini cha jinsi hiyo. Ikiwa jengo la ghorofa 24, lenye ngazi na madirisha, lilishindwa kuwaokoa waliokuwamo, je, Hiace yenye mlango mmoja wa kuteleza na abiria waliojipanga kama ilivyo ada yetu itawaokoa? Mtu akitaka kuutambua ubao huo na autazame ukingoni: ataona mstari mweusi au wa kijivu katikati ya mistari miwili inayong'aa. Fundi akiuona mstari huo na bado akauweka juu ya vichwa vya watu, hapo hana udhuru.

Alumini si moja

Tuseme mnunuzi amekwepa hadaa hizo mbili na ameshika alumini halisi mkononi mwake. Bado hajajua amenunua nini. Mama wa nyumbani katika soko kuu la Morogoro hanunui mchele kabla hajauliza kama ni wa Kilombero au wa Kyela, mpya au wa mwaka jana, na huing'ata punje ili apate yakini. Mumewe, ambaye hupewa ushauri huo mezani kila siku kwa njia ya wali mzuri, huenda kununua bati la bei kubwa kuliko mchele huo kwa kulitazama tu.

Viwanda vya dunia huzitaja aina za alumini kwa tarakimu nne, na tarakimu ya kwanza ndiyo kabila lake. Zinazoanza na 1, kama vile 1050, ni alumini karibu tupu, asilimia 99.5, ni laini, hukunjika kwa urahisi na hupokea mng'ao mzuri, lakini goti la abiria huziachia bonde. Zinazoanza na 3, kama 3003, zimetiwa manganizi kidogo, nazo ni ngumu zaidi bila kuwa kaidi. Zinazoanza na 5, kama 5052, zina magnesi, na hizo ndizo jamaa wa karibu wa lile bati la Land Rover. Hustahimili unyevu na chumvi kuliko wenzao, na ndiyo sababu wajenzi wa mashua huzipenda. Zinazoanza na 6, kama 6061, zina magnesi na silikoni, nazo hukomazwa kwa joto mpaka zikawa na nguvu za kuajabiwa.

Baada ya tarakimu hufuata herufi, na hapa ndipo kazi nyingi huharibikia. Herufi O humaanisha bati lililolainishwa kwa moto. H humaanisha lililokazwa kwa kubanwa katika mitambo, na namba iifuatayo yasema limekazwa kiasi gani. T ni la kukomazwa kwa joto. Fundi akipewa bati la 6061 lenye alama ya T6 akalikunja kwenye pembe kali ya meza, kama alivyozoea kukunja bati la ndoo, litampasukia mgongoni mwa mkunjo, na mteja atasema fundi hajui kazi. Fundi yuleyule, kwa mikono ileile, akipewa bati la 5052 la H32, au la 3003 la H14, na akaacha mkunjo uwe na uduara kidogo, atatoa dashibodi ambayo fundi wa kiwanda cha Land Rover huko Solihull angeitazama kwa heshima. Ni nani basi aliyekosa, mkono au soko?

Unene nao una mashaka yake. Tumezoea kusema geji, na twadhani geji ni kipimo kimoja duniani kote. Namba 16 katika kipimo cha zamani cha Waingereza ni milimita 1.63, katika kipimo cha Wamarekani cha mabati ya chuma ni 1.52, na katika kipimo chao cha alumini ni 1.29. Mtu anayeagiza geji 16 kwa simu kutoka Morogoro kwenda Kariakoo au Gerezani, Dar es Salaam, aweza kuletewa bati jembamba kwa thuluthi moja ya milimita kuliko alilofikiri, na muuzaji asiwe amesema uongo. Dawa yake ni kutaja milimita, na kupima kwa kalipa bati linapofika.

Fauka ya hayo, alumini ni legevu kuliko chuma: ukilinganisha mabati mawili ya unene mmoja, la alumini huyumba mara tatu ya la chuma. Kwa hiyo mwenye kuondoa chuma cha milimita 1 akaweka alumini ya milimita 1 atapata mlango unaopiga ngoma katika kila tuta la barabara ya Mzumbe. Akiweka milimita 1.5 atapata uimara ule ule, na bado atafaidi uzito: bati zima la futi nane kwa nne, likiwa la chuma cha milimita 1, lina kilo 23 na zaidi, ilhali la alumini ya milimita 1.5 lina kilo 12. Gari linalopanda Mgeta kila siku likipunguziwa uzito wa namna hiyo mlangoni, sakafuni na darini, faida yake haihitaji mhasibu. Yaonekana katika mafuta, katika springi, na katika nauli ambayo mwenye gari hatapata kisingizio cha kuipandisha.

Kuna neno moja la usalama ambalo siwezi kulipita. Magari ya siku hizi yana mifuko ya hewa iliyofichwa ndani ya usukani, katika dashibodi na pengine kwenye kando za viti. Paneli ya alumini ikifunika mahali pa mfuko huo, mfuko utashindwa kufunguka, au utafunguka na kumrushia abiria bati usoni. Hapo hata bati lenye nasaba njema kuliko yote halina ruhusa. Na mahali pengine popote, ukingo lazima ukunjwe pindo na nyaya zipitishwe katika raba, kwa kuwa bati tupu hukata ngozi ya mtoto na ngozi ya waya kwa wepesi uleule.

Alama iliyong'olewa kwenye kona

Sasa nirudi kwenye ule mzingo mwekundu. Barabara kuu itokayo Morogoro kwenda Iringa hupita katikati ya Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, na kando yake zimesimikwa alama za kumwonya dereva kuhusu wanyama wavukao. Njia za milimani nazo zina alama za kona kali na za mteremko. Alama nyingi za namna hii hutengenezwa kwa bati la alumini, kwa sababu haliozi. Na kwa sababu haliozi, wezi wamelipenda. Hung'olewa usiku, huuzwa kwa kilo kwa mnunuzi wa vyuma chakavu asiyeuliza, na zile zilizo nyoofu hufichwa kando kwa ajili ya mafundi bodi, kwa kuwa bati nyoofu huleta bei nzuri kuliko lililofinyangwa.

Wako watakaosema kwamba fundi hakuiba, na mwenye gari hakuiba, bali wamenunua tu. Je, mtoto wa shule anayevuka barabara mahali ambapo alama ya watoto imetoweka, atafaidika nini na utetezi huo? Dereva mgeni aliyepakia familia, akashuka mlima usiku wa ukungu akitarajia serikali imemwonya kila ilipopasa kumwonya, tutamwambia kwamba onyo lake tumelishonea ngozi bandia na kulifanya ubao wa mlango? Sheria yetu huhesabu kupokea mali ya wizi kuwa kosa, na dini zote mbili zilizoenea mkoani humu zinafundisha hivyo. Bei ya bati hilo ni ndogo kwa sababu sehemu kubwa ya gharama yake wamebebeshwa watu wasiojulikana, ambao watailipa kwa damu katika kona isiyo na alama.

Tena upo uharibifu mwingine, wa kimyakimya zaidi, katika biashara ya chakavu kama tuifanyavyo. Pistoni ya injini, sufuria kuukuu, kopo la soda na kipande cha bati la Land Rover, vyote huwekwa katika mizani moja kwa bei moja na kuyeyushwa pamoja. Pistoni ina silikoni nyingi, bati lina magnesi, na vikichanganyika havirudi tena kuwa bati. Mwisho wake ni sufuria ya kusubu. Na wataalamu wa afya wamekwisha kuonya kwamba sufuria zinazosubiwa kwa chakavu kisichochaguliwa zaweza kuwa na madini ya risasi yanayoingia katika chakula, sumu ambayo huwadhuru zaidi watoto wadogo. Bati ambalo lingehudumu miaka 30 mlangoni mwa gari limepotea, na jikoni kwa mtu kumeingia shari.

Yakuti ya Matombo

Waluguru, wenyeji wa milima ya Uluguru, wana haki ya kuushangaa upotevu huu wa alumini, kwa kuwa alumini imelala chini ya nyayo zao. Yakuti nyekundu za Matombo, ambazo wafanyabiashara wa vito huzijua mpaka Bangkok, ni alumini iliyoungana na hewa ya oksijeni na kutiwa wekundu na chembe za kromi. Na ulanga uliochimbwa katika milima hii tangu enzi za Wajerumani nao una alumini ndani yake. Huko Usambara, Magamba karibu na Lushoto, kuna boksiti, udongo ambao dunia huutumia kutolea madini haya. Hata hivyo hakuna mahali katika Tanzania wala Kenya wala Uganda ambapo alumini mpya hutolewa katika udongo. Jirani yetu aliyejengewa mtambo wa kazi hiyo ni Msumbiji: mtambo wa Mozal, karibu na Maputo, uliofunguliwa mwaka 2000.

Sababu ni umeme. Tangu mwaka 1886, Mfaransa Paul Héroult na Mmarekani Charles Martin Hall walipovumbua, kila mmoja kwao bila kumjua mwenzake, njia ya kuitenga alumini kwa umeme, hakuna aliyepata njia nyingine iliyoishinda. Na kilo moja hutaka uniti zipatazo 14. Fanya hesabu: lile bati la kilo 12 limekula uniti 168, ambazo nyumba iliyo katika daraja la chini la TANESCO, lile la uniti 75 kwa mwezi, haiwezi kuzimaliza kwa miezi miwili. Hata bwawa la Julius Nyerere katika mto Rufiji, lenye uwezo wa megawati 2,115, lina watu wengi wanaousubiri umeme wake kabla ya kiwanda cha alumini. Lakini bati lililokwisha kutengenezwa, likichambuliwa kwa aina na kuyeyushwa upya, hutaka kama asilimia 5 tu ya umeme huo. Na likitumiwa tena likiwa bati, bila kuyeyushwa, halitaki umeme wowote ila wa drili. Nchi isiyo na mtambo wa alumini ndiyo ingepaswa kuwa na uchoyo mkubwa kuliko zote juu ya kila kipande kilicho na jina lake.

Daftari, mizani na kalipa

Mali bila daftari hupotea bila habari, na neno hilo halijapata kuwa kweli kuliko katika biashara hii. Sioni kwamba twahitaji sheria mpya. Shirika la Viwango, TBS, lilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1975. Shirika la viwanda vidogo, SIDO, lipo tangu mwaka 1973 na lina ofisi mkoani. Chuo cha ufundi cha VETA kipo papo hapo Kihonda, ambako katika miaka ya sabini na themanini taifa lilijenga viwanda vya viatu, ngozi na turubai, na ambako wazee waliofanya kazi katika viwanda hivyo bado wanajua maana ya kupokea malighafi kwa hati. Kinachokosekana ni mapatano baina ya mafundi wenyewe.

Fundi mmoja hawezi kwenda Dar es Salaam kuagiza mabati kamili kwa aina na ugumu anaoutaka. Fedha zake ni za paneli mbili, na muuzaji mkubwa hana wasaa wa kumkatia. Lakini mafundi kumi wakichanga, wanaweza kuagiza mabati ya futi nane kwa nne kutoka kwa mwagizaji anayetoa cheti cha kiwanda, yakiwa na utando wake wa plastiki na maandishi yake mgongoni, kisha wakayagawana kwa vipande na kila mmoja akaandika kwa wino usiofutika aina na milimita nyuma ya kila kipande. Chakavu nacho kisikataliwe, kwa kuwa kina heri nyingi: bati la Land Rover iliyokufa, lililonunuliwa kwa mwenye gari mwenyewe na kuandikwa jina lake daftarini, ni bora kuliko mengi ya dukani. Lile lisilojulikana na lijaribiwe kabla ya kukunjwa: likatwe ukanda wa upana wa kidole, ukunjwe pembe mraba kisha unyooshwe, na mgongo wake utazamwe kama umepasuka; jaribio hilo halichukui dakika mbili na halina gharama.

Na mteja ana sehemu yake. Anapodai risiti ya kilo, aina na unene, hamtukani fundi, bali anampa silaha ya kumbana muuzaji aliyemtangulia; na anapokubali kulipa zaidi kidogo kwa bati lenye cheti, ananunua pamoja nalo haki ya kurudi kudai. Kwa kuanzia, kabla ya masika yajayo, wenye magari ya njia ya Mgeta na mafundi wanaowahudumia wangeweza kukubaliana juu ya jambo moja dogo tu: kwamba hakuna paneli itakayofungwa kabla mgongo wake haujageuzwa juu na kusomwa na wote wawili, na kwamba yenye rangi ya alama ya barabarani itapelekwa kwa wakala wa barabara, TANROADS au TARURA, siku hiyohiyo, pamoja na jina la aliyeileta.